Ngazi Isiyopandwa na Mtu

Kitendawili! Najua mmeitikia "tega", hata kama ni kimoyomoyo. Nyumba yetu ina ngazi ambayo hakuna fundi aliyeijenga na hakuna mtu anayeipanda.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Kisumu? Haya, nimekwenda Kisumu, nimekula ngege, nimelala, nimerudi. Jibu ni ufa.

Si ufa wowote. Ninausema ule unaofuata viungo vya mawe: unakwenda mlalo kidogo, unashuka kidogo, unakwenda tena, unashuka tena, mpaka ufike chini. Tembeeni mitaa ya Nairobi, Donholm, Komarock, Tassia au Pipeline, mkitazama kuta za ua, hamtaukosa. Methali ya ufa na ukuta mnaijua tangu chekechea, kwa hiyo sitawachosha nayo. Nina ugomvi nayo mmoja tu: inatuambia tuzibe, haituulizi ufa umetoka wapi. Na ufa wa namna hii una habari zake, kwa anayejua kuusoma.

Tuanzie chini. Sehemu kubwa ya Eastlands, iliko mitaa hiyo, imekaa juu ya udongo mweusi, ule unaonata viatuni mwezi wa Aprili hadi mguu ukawa mzito, na unaopasuka Februari hadi kalamu ikatumbukia. Ndani yake mna chembe ndogo sana za mfinyanzi. Mvua ikinyesha zinakunywa maji na kuvimba. Jua likiwaka zinayatoa na kusinyaa. Ndiyo maana mafundi waangalifu huuchimba wote na kuutupa, mpaka wakute murram au mwamba. Asiyefanya hivyo amejenga nyumba inayopanda na kushuka kila msimu. Ingekuwa inapanda na kushuka yote kwa pamoja, pengine asingejua. Lakini kona iliyo karibu na bomba linalovuja huvimba, na kona ya mbali, iliyo kavu, husinyaa. Upande mmoja wa ukuta unanyanyuliwa, upande wa pili unazama. Ukuta uliokuwa na pembe nne za mraba unalazimishwa kukaa mshazari.

Ukitaka kujua kama ufa wa kwenu bado unatembea, piga mstari wa penseli kwenye ncha yake na uandike tarehe. Rudi baada ya mvua, kisha rudi tena kiangazi. Wahandisi hufanya hivyohivyo, ila vifaa vyao ni vya bei kubwa kidogo.

Sasa tafuta boksi la viberiti lililokwisha. Toa droo ya ndani, ubaki na ganda ambalo liko wazi pande mbili. Lisimamishe mezani, uwazi ukikutazama. Shika sehemu ya chini kwa kidole, kisha sukuma sehemu ya juu kuelekea kulia. Linalala bila ubishi, sivyo? Lirudishe, upime kwa uzi kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Lisukume tena upime. Umbali umeongezeka. Pima na mshazari wa pili, kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Huo umepungua.

Hapo ndipo penye siri yote ya leo, kwa hiyo tusiharakishe. Wewe umesukuma tu. Hukuvuta kitu. Hata hivyo, ndani ya lile boksi kuna upande uliovutwa, na upande mwingine uliobanwa. Nguvu inayofanya hivyo huitwa nguvu ya mkato: sehemu ya juu inataka kuteleza huku, ya chini inataka kuteleza kule, na kilicho katikati kinapata taabu.

Gundisha kipande cha karatasi nyepesi ya shashi juu ya uwazi mmoja, ungoje gundi ikauke. Sukuma. Safari hii boksi linakataa kulala. Karatasi ambayo ukiipuliza inaruka imegeuka ukuta! Sukuma kwa nguvu zaidi uone mikunjo ikijipanga mshazari, kuelekea kule inakovutwa. Ukizidi, karatasi inachanika, na mchaniko unaikata ile mikunjo. Ukuta wa mawe nao hupasuka kwa sheria hiyohiyo. Kona ikizama mambo ni yaleyale, ila badala ya kusukuma juu umeshusha upande mmoja. Ndiyo maana ufa wa ngazi mara nyingi hupanda ukielekea kwenye kona iliyozama.

Na kwa nini ngazi, si mstari ulionyooka? Kwa sababu ufa ni mvivu, hupita penye urahisi. Mawe mengi ya Nairobi, yale yanayokatwa kwa mashine kwenye machimbo ya Ndarugu karibu na Juja, hupasuka kwa shida kuliko simiti iliyo katikati yake. Ufa unafuata simiti. Ukiona umepasua mawe yenyewe kwa mstari mmoja, basi ama jiwe lilikuwa laini ama mchanganyiko wa simiti ulikuwa mkali mno.

Jiwe, bloku na zege ni wabebaji hodari. Wapandishie ghorofa, hawalalamiki. Lakini usiwavute. Zege hustahimili kuvutwa kwa takriban sehemu moja ya kumi tu ya linavyostahimili kukandamizwa, na kiungo cha simiti kati ya mawe mawili ni dhaifu kuliko hapo. Tena hapa kuna jambo linaloshangaza: mzigo ulio juu ya ukuta husaidia kidogo, kwa kuwa unayakandamiza mawe yasiteleze. Ukuta wa ua haubebi kitu zaidi ya vioo vilivyovunjwa na waya wa miiba. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa wa kwanza kupata ngazi.

Dawa ya ugonjwa huu imegunduliwa mbali na hapa, na hadithi yake naipenda.

Mwaka 1825, jijini London, alikuwapo mhandisi mzaliwa wa Ufaransa akiitwa Marc Isambard Brunel. Alitaka kupitisha njia chini ya mto Thames, jambo ambalo wengi waliliona ni wazimu. Kwanza alihitaji shimo la kuteremkia. Mtu mwingine angechimba shimo, kisha ajenge ukuta ndani. Brunel akafanya kinyume. Alijenga mnara wa matofali juu ya ardhi, wa duara, upana wake mita 15 hivi, ukiwa umekalia pete kubwa ya chuma. Vibarua wakaingia ndani ya mnara, wakaanza kuuchimba udongo uliokuwa chini yake. Na mnara ukaanza kuzama wenyewe kwa uzito wake, polepole, watu wa London wakija kuutazama.

Sasa fikirini. Mnara wa matofali unaozama ardhini hauwezi kuzama sawasawa. Upande huu kuna changarawe, upande ule tope. Kila unaposhuka unataka kulalia ubavu mmoja, na matofali yake yanataka kupasuka mshazari. Ni shida ileile ya kona ya Donholm, ila hapa jengo zima linasafiri. Brunel aliliona hilo kabla. Alipitisha vyuma vya wima ndani ya ukuta, toka chini hadi juu, na kadiri matofali yalivyopanda akawa anazungusha mikanda ya chuma katikati yake. Mnara ulifika chini ukiwa mzima. Njia ile ilifunguliwa mwaka 1843 na treni zinapita humo mpaka leo. Mnara wenyewe uko pale Rotherhithe, na watu huingia ndani yake kusikiliza muziki.

Miaka kama kumi baada ya mnara kuzama, Brunel alifanya majaribio mengine kwa kulaza vipande vyembamba vya ukanda wa chuma ndani ya viungo vya matofali, kati ya kozi na kozi, yaani safu na safu. Kumbukeni jambo hilo, halafu twendeni Kayole.

Ingia kwenye mjengo wowote saa nne asubuhi, kabla ya watu kwenda kula chapati na ndengu. Utamkuta fundi na mwiko wake, kamba imevutwa, timazi inaning'inia, pima maji iko karibu. Kando yake pana bunda la ukanda mwembamba wa chuma, upana wa milimita 25 hivi, umeviringishwa. Anapanga kozi ya mawe, anapanga ya pili. Kisha anaukunjua ukanda, anaulaza juu ya mawe, anaufunika kwa simiti na kuendelea. Kozi moja inaruka, inayofuata inapata.

Kijana wa mtaa, aliyesimama pale badala ya kwenda dukani alikotumwa, akauliza:

"Fundi, hiyo ni ya nini?"

"Ya kushikanisha, kijana wangu."

"Si simiti ndiyo inashikanisha?"

"Simiti inashikanisha mpaka ipasuke. Ikishapasuka, hii ndiyo inabaki kazini."

Fundi akaita karai lingine la simiti, mazungumzo yakaisha. Lakini jibu lake linafundishwa chuo kikuu kwa muhula mzima. Wengi, hata watu wazima wenye ploti zao, hudhani chuma huwekwa ili ukuta usipasuke. Sivyo. Ukuta ambao haujapasuka hauna haja kubwa na chuma. Mawe na simiti vinajimudu, na chuma kimelala humo bila kazi ya maana. Ufa ukianza kufunguka, ndipo chuma kinapovutwa. Kimeshikwa na simiti upande huu wa ufa, kimeshikwa na simiti upande ule, na katikati kinazuia pande mbili zisiachane. Mkanda wa milimita 25 wenye unene wa milimita moja hivi unaweza kuvutwa na uzito wa karibu nusu tani kabla haujaanza kurefuka moja kwa moja. Ufa wa mshazari ukikata mikanda mitano au sita njiani, hesabu wenyewe.

Kuna faida nyingine, na kwangu mimi hii ni kubwa zaidi. Ukuta usio na chuma huweza kutoa ufa mmoja mkubwa na kuachia palepale. Ukuta wenye chuma hutoa nyufa nyingi nyembamba, ukalalamika siku nyingi kabla ya kushindwa. Watu wanapata nafasi ya kutoka.

Mkanda una masharti yake. Sharti uzame ndani ya simiti pande zote, kwa sababu ni mwembamba na kutu inaumaliza upesi. Kwenye kona sharti upinde uingie ukuta wa pili, usikatwe pale. Na penye nguzo ya zege, fundi mzuri huacha vipande vya mkanda vikichungulia nje wakati nguzo inamwagwa, ili ukuta utakapofika uwe na pa kushikia. Ukuta usioshikana na nguzo umesimama tu jirani yake. Haya yote hayaonekani plasta ikishapakwa, na ndiyo maana landilodi mwenye haraka hupenda kubania pesa hapa. Kwa maoni yangu huo ni ubahili wa kijinga kuliko wote mjengoni, maana mkanda ni kati ya vitu vya bei ndogo katika ukuta mzima.

Jiwe la Ndarugu lina upungufu mmoja: halina tundu. Chuma cha kulala unaweza kukipitisha kwenye kiungo, lakini cha kusimama utakipitisha wapi? Inabidi kikae kwenye nguzo. Bloku za saruji zenye matundu zimeondoa tatizo hilo. Ukizipanga vizuri matundu yanalingana, yanakuwa bomba kutoka msingi hadi juu. Unateremsha humo chuma cha milimita 12, kinachoungana na kingine kilichoachwa kikitokeza msingini. Vipishane kwa urefu wa kama mara 40 hadi 50 ya unene wake, yaani karibu nusu mita au zaidi kidogo. Kisha unamimina rojo la zege lenye kokoto ndogo, tena jepesi, kwa kuwa bloku kavu hunyonya maji upesi na rojo zito hukwama njiani. Wajanja huacha kidirisha kwenye bloku ya chini kabisa. Rojo likichungulia hapo, umejua limefika. Lisipoonekana, una ukuta wenye pango ndani na chuma kinachoning'inia hewani.

Chuma hicho kimoja cha milimita 12 huvutwa na takriban tani 5 kabla hakijaachia. Kazi yake ni kuzuia ukuta usinyanyuke upande mmoja na kupinduka, na kuzuia kozi isiteleze juu ya kozi. Vya kulala vinashona ufa wa mshazari. Juu ya yote unapita mkanda wa zege wenye vyuma vyake na ringi zake, unaozunguka nyumba nzima na kuzifunga kuta pamoja, hata tetemeko la ardhi likija.

Najua kuna mmoja amekwisha kuinua mkono: "Lakini Nairobi si Japani, matetemeko yatoke wapi?"

Yatoke Bonde la Ufa, mjukuu wangu, ambalo ukisimama pale juu Limuru unaliona kwa macho. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ya Subukia ilitikisika kwa kipimo cha karibu 6.9 na kupasuka kwa kilomita nyingi. Julai 2007 mitikisiko iliyotoka karibu na Ziwa Natron, upande wa Tanzania, ilifika Nairobi, na wafanyakazi wakateremka mbio kutoka kwenye maghorofa ya mjini. Serikali ya Kenya ilikuwa imetoa kanuni za ujenzi kuhusu matetemeko tangu mwaka 1973. Kujenga kwa kuzifuata ni habari nyingine.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Bukoba, Tanzania. Watu zaidi ya kumi na watano walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika, nyingi zikiwa za matofali yasiyo na chuma ndani. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Na mbali zaidi, Long Beach, California, shule nyingi za matofali zilianguka tarehe 10 Machi 1933. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni, wanafunzi walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Wabunge wa California walitambua vizuri kingetokea nini kama ingekuwa saa nne asubuhi. Haukupita hata mwezi mmoja na nusu kabla hawajapitisha sheria ya kusimamia ujenzi wa shule.

Tetemeko halisukumi upande mmoja likatosheka. Linasukuma kulia, ukuta unapasuka mshazari huu. Linarudi kushoto, unapasuka mshazari ule. Nyufa zinakutana katikati na kuandika X.

Watoto wa Huruma na Mathare wanaijua X nyingine, ya rangi nyekundu, inayochorwa na wakaguzi kwenye jengo linalotakiwa kubomolewa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, karibu na mto. Watu zaidi ya hamsini walikufa. Zaidi ya siku tatu baadaye waokoaji walitoa mtoto mchanga akiwa hai. Jengo lile lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa halifai kukaliwa. Sitawadanganya kwamba mikanda ya chuma kwenye kuta ni dawa ya kila kitu. Ukuta hauokoi jengo lililokosa msingi na nguzo. Ila majengo yanayokosa kimoja kwa kawaida yamekosa vyote, kwa sababu aliyebania hapa amebania na pale.

Tumalizie na jambo ambalo mnaliona kila siku mkitoka shule. Tazameni majengo ya Umoja, Kayole, Pipeline. Juu, vyumba vimejaa kuta. Chini, maduka: mpesa, kinyozi, mama wa mboga, duka la vifaa vya mjengo, kila moja na shata yake. Ghorofa za juu ni maboksi yaliyogundishwa karatasi kila upande. Ya chini haina karatasi kwa mbele. Zikisukumwa zote, za juu zinabaki imara na ile ya chini inabeba mateso peke yake.

Rudi kwenye boksi lako. Lisukume kwa kufuata upande ule wa pili, kutoka kwenye uwazi mmoja kuelekea uwazi mwingine. Halilali, kwa sababu ubavuni lina kuta mbili zinazoelekea kule unakosukuma. Maduka nayo yako hivyo: kuta zinazotenganisha duka na duka zinatoka barabarani kwenda nyuma, kwa hiyo upande huo jengo lina nguvu. Lakini kwa kufuata barabara, mbele ni shata tupu na nyuma kuna ukuta mzima. Jengo likisukumwa kuelekea huko, nyuma inakataa, mbele inakubali, na jengo linajinyonga.

Mhandisi akiitwa mapema hana haja ya kuyafuta maduka. Humwambia landilodi: mahali ulipotaka shata tano, weka nne, na nafasi ya tano iwe ukuta usio na mlango wala dirisha, wenye vyuma vya kusimama na vya kulala, uanzie msingini na upande hadi paa bila kukatika. Landilodi naye atatoa simu, apige hesabu ya kodi ya duka moja kwa miaka ishirini.